Kichwa cha garimoshi cha mfano kilichookolewa kwenye skrapu Malindi: asili yake na safari yake

Mwanzisha uzi (Malindi)

Asalaam alaykum, na hamjambo wanajukwaa wote.

Kazi yangu hapa Malindi ni kutengeneza redio, feni na mota ndogondogo. Miezi michache iliyopita nilikwenda kwa mnunuzi wa skrapu kule Barani kutafuta waya wa shaba. Ndani ya karai, chini ya bawaba na vitasa vilivyotoka kwenye nyumba ya zamani iliyobomolewa karibu na ufuo, nikakuta kichwa cha garimoshi cha mfano kisichozidi shibiri moja. Kilikuwa kimepakwa kwa brashi rangi ya damu ya mzee, pembe zake zimeota unga mweupe wa chumvi, na kwenye kulabu ya mbele kulikuwa na kipande cha kamba ya katani kilichokwisha kuoza. Mwenye skrapu alikuwa amekihesabu pamoja na alumini, na siku ya pili yake kingepakiwa kwenda kuyeyushwa. Nilikilipia kwa uzito wake, nikaondoka nacho.

Nimefungua uzi huu kwa sababu mji wetu haujapata kupitiwa na reli hata siku moja, na chombo kama hiki hakifiki hapa ila kimeletwa na mtu. Nitaeleza nilichokiona na namna nilivyokiona, ili wenye ujuzi wa reli wanisahihishe pale nitakapoteleza.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuwatoa Waitaliano katika habari hii. Kila niliyemwonyesha alisema ni chombo chao, na simlaumu mtu, maana tangu miaka ya 1960, satelaiti zilipoanza kurushwa kutoka kituo chao cha San Marco kule Ngomeni, mtu wa Malindi akiona kitu cha kigeni kilichotengenezwa kwa ustadi humhesabia Mtaliano. Ni kweli pia kwamba Italia ilikuwa na watengenezaji wakubwa wa treni za mfano, na Rivarossi wa Como ndio waliovuma zaidi. Lakini niliposugua chuma chake kwa mswaki na mafuta ya taa, yakajitokeza maandishi ya Meccano Ltd, kampuni ya Liverpool iliyoanzishwa na Frank Hornby. Huyo Hornby alifariki mwaka 1936, na miaka miwili baadaye, mwaka 1938, kampuni yake ikatoa treni ndogo za mezani zilizoitwa Hornby Dublo. Kipimo chake ni milimita 4 kwa kila futi ya garimoshi la kweli, yaani karibu 1 kwa 76, na reli zake zimeachana kwa milimita 16.5. Nilichonga reli mbili za mti kwa nafasi hiyo, na magurudumu yakakaa barabara.

Jambo la pili lilikuwa umri wake. Tumboni kuna kipande cha chuma kilichopinda kama ulimi, kinachoning'inia katikati ya magurudumu. Fundi yeyote wa umeme akikiona atajua kwamba ndicho kinachopokea moto, na kwamba njia ya treni hii ilikuwa na reli ya tatu katikati. Umeme wa volti 12 ulipanda kupitia ulimi, ukazungusha mota, ukarudi kwa magurudumu na reli za pembeni. Kiwanda kilianza kutoa treni za reli mbili mwaka 1959, na hizo hazina ulimi huu, kwa sababu magurudumu yao ya upande mmoja yametengwa na umeme. Basi hiki ni cha mtindo wa kwanza.

Mtindo huo wa kwanza nao umegawanywa na Vita vya Pili vya Dunia, na hapa kuna dalili mbili ambazo nazipa uzito mkubwa. Dalili moja ni kulabu za kushikia mabehewa: zile za kabla ya vita zilikuwa za bamba jembamba la springi, na hizi zangu ni za mtindo uitwao Peco, ulioletwa baada ya vita. Ya pili ni bodi lenyewe. Limemiminwa kwa mazaki, ambayo ni zinki iliyochanganywa na alumini kidogo, shaba na magnesi, na ndiyo maana sumaku hailishiki na mwenye skrapu akaliona kuwa ni alumini. Mazaki iliyoingiwa na madini ya risasi wakati wa kumiminwa huugua kwa ndani: baada ya miaka huvimba, hupasuka nyufa kama udongo wa kiangazi, hatimaye humeguka mkononi. Vyombo vingi vya kabla ya vita vilikufa kwa ugonjwa huo. Changu nimekipitia kwa lenzi kila upande, na hakina ufa hata mmoja. Ule unga mweupe ni chumvi ya bahari tu, na ulitoka kwa brashi.

Kisha nikaingia kwenye rangi. Upande wa kushoto, mahali ambapo mpakaji alipaka juu ya mafuta bila kuyafuta kwanza, ile damu ya mzee ilikuwa imejikunja kama ganda la kitunguu. Niliiinua kwa kijiti cha kuchokolea meno, usiku mmoja na nusu ya usiku wa pili, na chini yake nikakuta rangi nyeusi safi ya kiwanda, herufi M ya dhahabu, na nyuma yake namba 6917. Hiyo M ni ya katikati katika LMS, yaani kampuni ya reli ya London Midland and Scottish, iliyodumu kuanzia 1923 hadi mwisho wa 1947, reli za Uingereza zilipotwaliwa na serikali. Kiwanda kiliendelea kuuza treni zenye majina ya kampuni hizo zilizokwisha kufa, hadi mwaka 1953 kilipoanza kuzipaka rangi za British Railways. Kwa hiyo kichwa hiki kilitoka Liverpool baada ya vita na kabla ya mabadiliko hayo ya 1953.

Kuna jambo hapa lililonishangaza, nami naomba tulitazame kwa makini. Umbo lake, lenye magurudumu sita ya kuvuta na mawili madogo nyuma, limenakiliwa kutoka injini za aina ya N2, zilizobuniwa na Nigel Gresley na kuanza kutoka mwaka 1920. Injini hizo zilivuta treni za abiria wa vitongoji kutoka kituo cha King's Cross, London, nazo zilikuwa mali ya LNER, yaani kampuni ya reli ya London and North Eastern, mpinzani wa LMS. LMS haikumiliki N2 hata moja. Kiwanda kilikuwa na kalibu moja, na kilitaka kumridhisha kila mtoto kwa kampuni aliyoipenda, kwa hiyo umbo lile lile likavikwa majina manne tofauti. Kichwa hiki kilitoka kiwandani kimevaa nguo ya jirani.

Halafu akaja mtu wa pili akakivalisha nguo ya tatu. Nilipokimulika tochi kwa pembeni, nikaona juu ya damu ya mzee herufi tatu za manjano zilizofifia, E A R, na chini yake tarakimu 2 na 9, zikifuatwa na nyingine mbili zilizofutika. Herufi zimeandikwa kwa mkono uliotulia, mistari imenyooka, na nafasi kati yake zimepimwa. Mtoto hakuandika hivi.

Nawaomba waliofanya kazi reli wanisaidie kuhusu hiyo 29.

Jibu (Mombasa)

Mwanangu, salaam aleikum. Mimi ni mstaafu wa reli, na ulipotaja 29 nilisimama kutoka kitini.

East African Railways iliundwa mwaka 1948 kwa kuunganisha reli ya Kenya na Uganda na ile ya Tanganyika, na katika mpangilio wake wa namba, tarakimu mbili za mwanzo zilikuwa ndiyo kabila la injini. Sisi tulizisoma kama mtu asomavyo jina la ukoo. Hizo za 29 ziliundwa na North British kule Glasgow kuanzia mwaka 1951, zilichoma mafuta mazito badala ya kuni au makaa, na zilipewa majina ya makabila ya Afrika Mashariki. Ukienda makumbusho ya reli Nairobi utaikuta 2921, na jina lake la Masai of Kenya bado liko ubavuni. Utaona pia ile damu ya mzee unayoizungumzia, ambayo ndiyo ilikuwa sare yetu.

Kwa hiyo mpakaji wako hakushika brashi kabla ya 1951. Lakini angalia alichokifanya. Injini ya 29 ina magurudumu makubwa manane ya kuvuta, na nyuma yake inafuatwa na tenda, yaani behewa lake la maji na mafuta. Hiki chako kina sita, wala hakina tenda. Mtu wa reli asingekosea hapo kwa kutojua. Nadhani alichukua kichwa alichokuwa nacho akakipa jina la kile alichokipenda. Na kama tunahesabu tofauti, tuihesabu na hii: reli yetu ya zamani ilikuwa ya mita moja, ambayo kwa kipimo chako ingetoka milimita 13 na ushei, wala si 16.5.

Mwanzisha uzi (Malindi)

Mzee wangu, shikamoo, na ahsante sana. Umenifungulia mlango nilioupapasa kwa wiki tatu.

Nilisafiri hadi Nairobi kuiona 2921 kwa macho yangu. Nilisimama chini yake nikiwa na kichwa changu mkononi, nikalinganisha rangi kivulini na juani, na mpakaji alikuwa ameikaribia mno. Sitasema kwamba aliinakili 2921 yenyewe, kwa kuwa tarakimu mbili za mwisho zimefutika, na tamaa ya kukamilisha namba ndiyo inayoharibu uchunguzi wa namna hii.

Nina ushahidi mwingine wa mahali kilipoanzia kutembea. Kwenye ekseli, ndani ya grisi iliyoganda, nilitoa kwa koleo nyuzi za sufi nyekundu na za kijani, nyingine ndefu kama kidole, zimejisokota mara nyingi. Hizo ni nyuzi za zulia. Kichwa hiki kilitembezwa sakafuni, juu ya zulia la sufi, kwa muda mrefu na kwa umeme wake chenyewe, maana gurudumu lisilozunguka halisokoti nyuzi. Zulia la sufi ni kitu cha bara penye baridi, na si cha nyumba ya pwani. Pamoja na nyuzi hizo kulikuwa na vumbi jekundu, ambalo nalo nalichukulia kuwa ni la bara, na juu yake mchanga mweupe wa kwetu.

Jibu (Magarini)

Ndugu yangu, nyuzi nazikubali, lakini vumbi silikubali. Udongo mwekundu si wa bara peke yake. Njoo Marafa uone mabonde yake, au simama tu kwenye mdomo wa mto Sabaki wakati wa mvua uone bahari inavyogeuka rangi hadi ufuo wa Malindi. Mtoto akicheza nyuma ya nyumba Magarini atakijaza chombo chako vumbi jekundu kwa siku moja. Lifute vumbi katika hesabu yako.

Mwanzisha uzi (Malindi)

Ni haki kabisa, na nimelifuta. Nilipaswa kulikumbuka hilo mwenyewe, kwani maji ya Sabaki nayaona kila mwaka. Nyuzi za sufi zinabaki.

Jibu (Nairobi)

Hongera kwa kazi nzuri. Mimi hukusanya treni za mfano, na ningependa kukupa ushauri wa kitaalamu. Hiyo rangi ya brashi iondoe yote kwa uangalifu. Chini yake una LMS 6917 ya baada ya vita ikiwa na rangi ya kiwanda, na kila mkusanyaji atakwambia kwamba rangi ya nyumbani ni uharibifu unaoshusha thamani ya chombo. Na ukifungua mota, usichomoe rota kabla hujaweka kipande cha chuma laini kuziba ncha za sumaku, kwa sababu sumaku za zamani zikiachwa wazi hupungua nguvu, na mota yenye sumaku dhaifu hula umeme mwingi na kuchemka.

Mwanzisha uzi (Malindi)

Nakushukuru kwa onyo la sumaku. Nimelifuata kama lilivyo: niliziba ncha kwa kipande cha chuma kutoka kwenye transfoma kuukuu, kisha nikatoa rota, nikasafisha shaba yake kwa msasa laini kabisa, nikabadilisha kaboni. Kuhusu rangi naomba kwanza nieleze nilichokipata wiki hii, kwa sababu kimegeuza mawazo yangu yote.

Kulikuwa na jambo lililokuwa likinisumbua tangu mwanzo, nami sikuliandika kwa kuwa sikulielewa. Magurudumu sita ya kuvuta hayakuwa mviringo. Kila moja lina sehemu iliyolika ikawa bapa, pana kama punje ya mchele, na kwenye magurudumu yote sita ubapa huo unatazama chini kwa pamoja. Yale mawili madogo ya nyuma ni mviringo kamili. Garimoshi likitembea, gurudumu hulika pande zote sawasawa, kwa hiyo kulika kwa upande mmoja hakukuwa na maana kwangu.

Mwenye skrapu alinielekeza kwa mzee aliyekuwa mlinzi wa ile nyumba iliyobomolewa, tangu ujana wake hadi alipostaafu. Nilikwenda kumwamkia, nikamwonyesha chombo, naye akakitambua kabla sijamaliza kukifungua. Alisema mwenye nyumba alikuwa mtu wa reli Nairobi, akahamia Malindi alipoacha kazi, na kwamba sanduku la treni lilikuja pamoja na vyombo vyake vingine, likavuka Kilifi kwa feri, maana daraja la Kilifi lilifunguliwa mwaka 1991 tu. Nilimwuliza ilikuwaje treni ilipotembea pale nyumbani. Akanikatiza: "Hiyo haikutembea. Hiyo ilikuwa ikiburutwa."

Reli zake, alisema, zilikuwa za bati, na hewa ya bahari ilizila zikatupwa. Yule bwana akawapa watoto wa wafanyakazi kichwa kitupu wakicheze, nao wakakifunga kamba wakakivuta uani, kwenye saruji, mvutaji mmoja baada ya mwingine, hadi kilipopotea kwenye stoo.

Hapo ndipo magurudumu yaliponielea. Ndani ya kichwa hiki, mota haigusi magurudumu moja kwa moja. Inazungusha parafujo, na parafujo ndiyo inayosukuma gia ya ekseli. Parafujo huizungusha gia, lakini gia haiwezi kuizungusha parafujo, kwa hiyo ukikivuta kwa mkono magurudumu sita yanagoma na kuteleza kama miguu ya mbuzi anayekataa kuvuka maji. Yale mawili ya nyuma hayana gia, yanazunguka yenyewe. Kwa hiyo saruji ya uani iliyala yale sita mahali pamoja na kuyaacha haya mawili. Mzee hajui parafujo wala gia, na maneno yake yamethibitishwa na chuma.

Sasa nirudi kwenye rangi. Ndugu wa Nairobi, nakuheshimu, lakini rangi hii siiondoi. Ukiivua damu ya mzee, utabaki na 6917 kama zilizotoka Liverpool kwa maelfu, na hata hiyo imevaa jina la kampuni isiyokuwa na injini ya namna hiyo. Kinachokitofautisha hiki na vingine vyote ni kwamba mtu wa reli aliketi na brashi nyembamba, akatandika rangi ya kazi yake, akaandika herufi tatu za manjano kwa mkono uliotulia, ili kiwe injini aliyoiona kila siku. Hilo halikufanyika Uingereza, lilifanyika kwetu. Nimeacha dirisha moja tu upande wa kushoto, lenye ukubwa wa ukucha wa dole gumba, inapoonekana M na namba ya kiwanda, nikalipaka nta. Kamba ya katani nayo sikuitupa, nimeihifadhi kwenye karatasi ndani ya kopo.

Jibu (Mombasa)

Mwanangu, umeamua vyema. Mimi nimezika wenzangu wengi waliovaa ile sare, na mkono ulioandika herufi hizo ninauelewa. Swali langu ni moja: kinatembea?

Mwanzisha uzi (Malindi)

Kinatembea, mzee wangu. Jana nilikichukua pamoja na betri ya pikipiki ya volti 12 na zile reli zangu za mti, ambazo nimezifunika kwa waya wa shaba uliopondwa ukawa bapa, nikatia na wa tatu katikati, nikaenda navyo kwa yule mzee mlinzi. Nilivitandika barazani. Nilipogusisha waya, kichwa kilikohoa, kikatoa harufu ya mafuta ya cherehani, kisha kikaanza kwenda kikichechemea, tak, tak, tak, kila ubapa wa gurudumu ulipofika chini. Kilikwenda mwisho wa reli, kama hatua mbili za mtu mzima.

Mzee alikuwa amekiona kwa miaka mingi kikiburutwa, na hakuwahi kukiona kikienda. Alikaa kimya kidogo, akaniuliza kama kinajua kurudi. Nikabadilisha nyaya, kikarudi.